Ongeza Kwanza, Ondoa Baadaye

Seva mbili zinazotumikia hifadhidata moja hazinyamazi. Kila sekunde kila moja humtumia mwenzake salamu ya kuonyesha kwamba bado yu hai, na katikati ya salamu hizo hupishana kurasa za data, maombi ya kufunga na kufungua rekodi, na taarifa za nani ameshika nini. Mazungumzo yote hayo hupita kwenye mtandao wa pembeni wenye swichi yake na kebo zake. Mteja anayeangalia salio kwenye simu hatausikia mtandao huo maisha yake yote. Lakini upo, una anwani zake, na huja siku anwani hizo hazina budi kubadilishwa.

Kazi hiyo ndiyo ninayotaka kuisifu hapa. Haimo kwenye orodha ya kazi zinazopigiwa makofi. Anayefunga mfumo mpya hukatiwa utepe, na anayenasa wezi wa mtandaoni huandikwa magazetini. Anayebadilisha anwani za mtandao huo wa ndani wa klasta, yaani wa kundi la seva kama hizo, akiifanya kazi yake vizuri, kunakucha na hakuna hata mtu mmoja anayejua kwamba kuna kitu kilifanyika. Nimekaa karibu na mafundi wa hifadhidata muda wa kutosha kuamini kwamba hapa ndipo ufundi wao unapoonekana wazi kuliko mahali pengine popote.

Nitashika mfumo mmoja ili tusielee hewani: Oracle RAC, uliotoka mwaka 2001 pamoja na toleo la 9i la hifadhidata ya Oracle. Chukua wauzaji wawili wa duka moja la jumla wenye daftari moja la madeni. Wateja hupanga foleni mbili, kazi inakwenda haraka, na mmoja akiugua duka halifungwi. Ila wauzaji hao lazima waambiane kila mara nani ameshika ukurasa upi, la sivyo wataandika wote wawili juu ya deni la mtu mmoja na hesabu itaharibika. Kabla ya RAC, mfumo uliotangulia ulimlazimu wa kwanza aandike ukurasa kwenye diski ndipo wa pili akausome huko. RAC ikaleta kwa ukamilifu utaratibu unaoitwa Cache Fusion: ukurasa hutoka kwenye kumbukumbu ya seva moja na kuingia kwenye kumbukumbu ya seva ya pili moja kwa moja kupitia waya. Diski ikapumzika, na mzigo wote ukahamia kwenye ule mtandao wa pembeni.

Kwa hiyo mtandao huo si wa kuchezea. Salamu zikikatika kwa sekunde 30, ambacho ndicho kipimo cha kawaida kwenye Linux, klasta huamua kwamba kuna mgonjwa. Hapo hutazamwa diski ya kura, eneo dogo la hifadhi ambako kila seva huweka alama ya kuwa hai. Ikiwa seva zimegawanyika makundi mawili yasiyosikiana, kwa kawaida kundi kubwa ndilo hubaki. Yakilingana, mara nyingi hubaki kundi lenye seva yenye namba ndogo. Nyingine hufukuzwa. Hufukuzwa kwa sababu seva mbili zisizosikiana, kila moja ikiamini kwamba ndiyo mwenye daftari, zitaiharibu data kwa namna ambayo hakuna bakapu itakayoirudisha sawasawa. Ni afadhali seva moja ianguke kuliko mbili ziandike kila moja kivyake.

Ukifungua kumbukumbu za mfumo wakati tatizo la namna hiyo linakuja, utaona ikihesabu. Mawasiliano na seva fulani yamekosekana kwa asilimia 50 ya muda. Kisha 75. Kisha 90, pamoja na sekunde zilizobaki kabla ya kuondolewa. Aliyewahi kusoma mistari hiyo mitatu saa nane za usiku hawezi kuingia kwenye kazi ya kubadilisha anwani kwa mbwembwe.

Sasa, kwa nini mtu aziguse anwani ambazo zinafanya kazi? Mara nyingi ni kwa sababu ya kilichotokea zamani, alipozichagua mtu ambaye hakufikiria mbali. Anwani za ndani hutoka kwenye mafungu matatu yaliyotengwa kwa matumizi ya kila mtu na waraka uitwao RFC 1918 wa Februari 1996: fungu la 10, lenye anwani zaidi ya milioni 16, fungu la 172.16 hadi 172.31, lenye zaidi ya milioni moja, na fungu la 192.168, lenye 65,536. Fungu la 10 lilikuwa la ARPANET, mtandao wa Marekani ambao intaneti ilitokana nao, na lilibaki wazi ulipozimwa mwaka 1990. Wazo la kutenga anwani ambazo kila kampuni itazitumia ndani kwake bila kuomba ruhusa halikupokewa na wote. Lilipotangazwa mara ya kwanza mwaka 1994, wataalamu wanne waliandika waraka wa kulipinga, RFC 1627. Mmoja wao alikuwa Eliot Lear. Miaka miwili baadaye jina lake lilikuwa miongoni mwa waandishi watano wa RFC 1918 yenyewe. Napenda sana jambo hilo: aliyeona hatari alikaa mezani na wenzake, na waraka uliotoka umetumika dunia nzima hadi leo.

Hatari yenyewe imo ndani ya waraka huo kwa maneno yasiyo na utata. Taasisi mbili zilizochagua anwani zilezile zikija kuunganishwa, zitagongana; kwa hiyo inashauriwa sana kila mmoja achague kwa kubahatisha ndani ya mafungu hayo makubwa. Ni ushauri mzuri ambao karibu kila mtu ameupuuza. Watu humiminika kwenye 192.168.1 kwa sababu ndiyo iliyokuja na ruta ya nyumbani, kisha ofisi mbili zinaungana, au kampuni inanunua kampuni nyingine, na anwani zinakutana uso kwa uso. Wengine waliikata sabneti yao, yaani kipande chao cha anwani, ikawa ndogo mno: wakaweka /29, inayotoa nafasi sita tu, wakiamini klasta itabaki na seva mbili milele. Wengine walichagua 172.17, na miaka ikapita hadi mtu akafunga Docker kwenye seva ileile, ambayo kwa kawaida hujitwalia 172.17.0.0 bila kumuuliza mtu. Na wapo ambao hawakukosea popote. Wamenunua tu swichi mpya yenye kasi zaidi na wanataka mazungumzo ya seva yahamie huko.

Hiyo ya swichi mpya ndiyo kazi niliyokaa nikaitazama kwa utulivu, katika chumba cha seva jijini Dar es Salaam. Fundi alikuwa mama wa makamo ambaye vijana wa zamu walimwita Dada, na ambaye hakuwahi kupandisha sauti usiku ule wote. Mazungumzo ya seva yalikuwa kwenye kadi ya eth1, sabneti 192.168.1.0. Yalitakiwa kwenda kwenye kadi ya eth2, sabneti 10.77.40.0. Ukiyasema hivyo, ni mstari mmoja wa kazi.

Kitu cha kwanza alichokifanya hakikuwa kubadilisha chochote. Aliuliza. Aliandika `olsnodes -s` kuona kwamba kila seva ya klasta iko hai. Akaandika `oifcfg getif`, akasoma majibu kwa sauti: kadi ya umma, sabneti yake, kadi ya ndani, sabneti yake. Akaandika `oifcfg iflist -p -n` ili mfumo wa uendeshaji nao useme unaona kadi zipi. Alilinganisha orodha hizo mbili kwa kidole kwenye skrini, mstari kwa mstari, kisha akahamia seva ya pili na kurudia yote, ingawa majibu yalipaswa kuwa yaleyale. Kijana mmoja alimwambia, kwa heshima, kwamba seva ya kwanza imeshatoa jibu. Alimjibu bila kugeuka: "Nataka na huyu aniambie kwa kinywa chake."

Hapo kuna jambo ambalo mtu wa nje anaweza asilione. Tangu toleo la 11g Release 2, la mwaka 2009, taarifa za mtandao wa ndani hazikai mahali pamoja tu. Zimo kwenye rejista ya klasta, na zimo pia kwenye faili moja la XML liitwalo profile.xml, ambalo kila seva ina nakala yake. Seva inapoamka, kabla haijaweza kuongea na yeyote, husoma faili hilo ili ijue itumie mlango upi kuwatafuta wenzake. Ukiliharibu, seva haijui pa kuanzia. Na huwezi kulifungua tu ukasahihisha kwa mkono, kwa maana limetiwa saini ya kidijitali. Ukibadilisha herufi moja, saini haikubali tena. Ndiyo maana Dada alitengeneza nakala ya faili hilo kwenye kila seva, akaipa jina lenye tarehe, kisha akachukua bakapu ya rejista kwa `ocrconfig -manualbackup`, akaenda kuiangalia kwa macho mahali ilipohifadhiwa. Bakapu aliyoambiwa ipo na bakapu aliyoiona, kwake ni vitu viwili tofauti.

Baada ya hapo akaigeukia kadi mpya, na kazi hii yote aliifanya wakati klasta inaendelea kuhudumia watu kupitia mtandao wa zamani. Nadhani hiki ndicho kiini cha ufundi wenyewe. Mtu mwenye pupa huzima kila kitu, hubadilisha anwani, huwasha, kisha huanza kutafuta kosa huku saa ikimkimbiza. Huyu aliujenga mtandao mpya ubavuni mwa ule wa zamani, akaujaribu hadi aliporidhika, na hadi hapo wateja hawakukosa huduma hata kwa dakika.

Kabla ya kuipa seva ya pili anwani 10.77.40.12, alihakikisha kwamba hakuna kifaa kingine kinachoitumia:

`arping -D -I eth2 -c 3 10.77.40.12`

Amri hii huuliza kwenye waya mara tatu kama kuna mwenye anwani hiyo. Majibu yakiwa sifuri, ni yako. Inachukua sekunde chache, na ningependa kila anayejifunza kazi hii alale nayo, maana anwani mbili zinazofanana kwenye mtandao mmoja huleta ugonjwa usioshikika: leo unapona, kesho unarudi. Kisha aliiandika anwani kwenye mipangilio ya kudumu ya mfumo wa uendeshaji. Nasisitiza neno kudumu. Anwani inaweza kuwekwa kwa `ip addr add`, ikaonekana, ikajibu, ikapendeza, na siku seva itakapozimwa na kuwashwa ikawa haipo. Matatizo mengi yanayotokea wiki sita baada ya kazi kukamilika yanatokana na anwani iliyowekwa namna hiyo.

Kisha likaja jaribio ambalo kwangu ndilo zuri kuliko yote.

Ukurasa wa kawaida wa hifadhidata ya Oracle ni baiti 8192. Mtandao wa kawaida hubeba pakiti ya baiti 1500 kwa safari moja, kwa hiyo ukurasa mmoja hukatwa vipande sita, na kikipotea kimoja, vyote vitano vilivyofika ni kazi bure. Ukurasa mzima hutumwa upya. Ndiyo maana mtandao wa ndani hupandishwa hadi baiti 9000, ukurasa ukapita mzima. Lakini ukubwa huo lazima uwekwe kwenye kadi ya seva hii, kwenye kadi ya seva ile, na kwenye swichi iliyo katikati. Kimoja kikisahaulika hutokea jambo la hila kabisa: salamu ndogondogo hupita vizuri, klasta inajiona nzima, na kurasa kubwa hupotea njiani. Mfumo unakuwa mzito, na kila unayemuuliza anakwambia mtandao uko sawa, maana ameupima kwa pakiti ndogo.

Dada hakupima kwa pakiti ndogo. Aliandika:

`ping -M do -s 8972 -I eth2 10.77.40.12`

Namba 8972 haikuokotwa barabarani. Ukichukua 9000, ukatoa baiti 20 za kichwa cha IP na 8 za kichwa cha ICMP, unabaki na 8972: mzigo mkubwa kuliko wote unaoweza kupita bila kukatwa. Na `-M do` inakataza kukata. Kwa maneno mengine, aliutaka mtandao ubebe mzigo wake kamili au ukiri kwamba hauwezi. Kadi ya seva inayotuma ikiwa ndiyo yenye kasoro, seva yenyewe husema ujumbe ni mrefu mno. Swichi ikiwa ndiyo yenye kasoro, haisemi kitu. Pakiti zinamezwa kimya na skrini inabaki tupu.

Skrini ilibaki tupu. Alisubiri, akakata amri, akapima tena kwa ukubwa mdogo, majibu yakaja. Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alimpigia simu mtu wa mitandao, akamwomba kwa upole aangalie mlango wa pili wa swichi mpya, na baada ya muda kidogo majibu ya 8972 yakaanza kumiminika. Hakumlaumu mtu. Alipima kutoka seva ya kwanza kwenda ya pili, kisha kutoka ya pili kurudi ya kwanza, kwa kuwa njia iliyo wazi upande mmoja haijathibitisha chochote kuhusu upande wa pili. Halafu akaangalia `rp_filter`, mpangilio wa Linux ambao ukiwa mkali hutupa pakiti zilizoingia kwa mlango usiotarajiwa. Seva ikiwa na kadi mbili za ndani, mpangilio huo hulegezwa kwa kuwekwa 2. Ulikuwa 1. Akaubadilisha, akaandika kwenye karatasi yake.

Hapo tu ndipo aliiambia klasta habari za mtandao mpya:

`oifcfg setif -global eth2/10.77.40.0:cluster_interconnect`

Tazama ile sifuri ya mwisho. Kinachoandikwa hapa ni anwani ya sabneti, kwa vile taarifa hii ni ya klasta nzima, wala si anwani ya seva fulani. Wanaoanza kazi huandika 10.77.40.12 kwa sababu ndiyo anwani waliyotoka kuipima. Tazama pia neno `-global`. Amri hii inaweza kuandikwa kwa ajili ya seva moja tu, na kama kadi haipo kwenye seva hiyo, inaweza kuifanya ifukuzwe kwenye klasta. Aliisoma amri yote kabla ya kubonyeza, kisha akamwita yule kijana aisome naye. Sikuona kama ni unyonge. Macho ya watu wawili kwenye mstari mmoja ni utaratibu wa kazi.

Na amri hii lazima iandikwe seva zote zikiwa hai, ili kila moja ipokee mabadiliko na kuyaandika kwenye nakala yake ya profile.xml. Mpangilio ndio kila kitu hapa. Ukizima kwanza halafu ukabadilisha kadi, ukiwasha seva zitakwenda kuutafuta mtandao wa zamani ambao haupo tena, hazitaonana, na wewe huwezi kuzipa anwani mpya kwa sababu chombo cha kuzipa anwani mpya kinahitaji ziwe zimeamka. Umejifungia nje na funguo umeziacha ndani. Kutoka hapo kunawezekana, kwa kurudisha mipangilio ya zamani hadi klasta iamke, au kwa kurudisha zile nakala alizoziweka mwanzo. Ila hakuna anayependa kufanya hivyo huku kunakaribia kucha.

Aliandika tena `oifcfg getif` kwenye kila seva. Safari hii zilionekana sabneti zote mbili, ya zamani na mpya, zimekaa pamoja. Hakuna kilichoondolewa bado.

Sehemu ya kuzima nitaipitia haraka, kwa sababu ilipita haraka. Huduma za hifadhidata zilisimamishwa kwa utaratibu, kisha `crsctl stop crs` kwenye kila seva. Akafuatisha `crsctl disable crs`, na sababu yake ni nzuri: alitaka kuwasha upya seva zenyewe ili aone kama kadi mpya itaamka na anwani yake, na hakutaka klasta ijaribu kusimama wakati bado anapima. Faili la `/etc/hosts` lilirekebishwa ili majina ya ndani yaelekee anwani mpya. Seva zikazimwa, zikawashwa. Anwani zilikuwepo. 8972 ikapita tena, kwenda na kurudi. Kisha `crsctl enable crs` na `crsctl start crs`, seva ya kwanza peke yake, hadi ikasimama kabisa, ndipo ya pili ikafuata.

Klasta iliposimama kuna anwani nyingine zilizojitokeza, zinazoanza na 169.254. Mgeni angeshtuka. Tangu toleo la 11.2.0.2, Oracle huweka anwani zake yenyewe juu ya kadi za ndani, hadi nne, ili kadi moja ikifa mazungumzo yahamie nyingine bila kukatika. Kwa hiyo haikutosha kuona kwamba eth2 ina anwani. Dada aliingia kwenye hifadhidata yenyewe na kuiuliza, kupitia `gv$cluster_interconnects`, inaongea kwa mlango gani. Ikataja eth2 pia kando ya eth1, pande zote mbili.

Alibaki na jambo moja ambalo wengi hulisahau. Katika matoleo ya 12c na kuendelea, yanapotumia Flex ASM, chombo kinachosimamia diski nacho husikiliza kwenye mtandao wa ndani, na msikilizaji wake amefungwa kwenye sabneti ya zamani. Lazima aongezwe msikilizaji mpya kwenye sabneti mpya, kisha wa zamani aondolewe. Ni utaratibu uleule, kwa kiwango kidogo.

Nilidhani angeifuta sabneti ya zamani palepale na kufunga kazi. Hakufanya hivyo. Aliiacha mifumo ipitie mzigo wa siku za kazi, akawa anaangalia takwimu za kurasa zilizopotea njiani, na kebo za zamani akaziacha zimechomekwa. Ni baada ya hapo ndipo alipoandika `oifcfg delif -global eth1/192.168.1.0`, akasoma `getif` mara ya mwisho, akaona mstari wa zamani haupo. Kisha akaenda kuchomoa kebo, moja baada ya nyingine, akisubiri kidogo kati ya ya kwanza na ya pili.

Ninachokiheshimu katika kazi hii si ujuzi wa amri. Amri zote nilizozitaja zimo kwenye nyaraka, na mtu mwenye kumbukumbu nzuri huzishika kwa jioni moja. Ninaheshimu kwamba katika kila hatua fundi alikuwa na mahali pa kurudi, na alikuwa amepaangalia kwa macho kabla ya kusonga mbele. Karatasi yake ilikuwa na safu mbili. Kushoto aliandika atakachofanya, kulia, atakavyokitengua. Palipokuwa na mstari usio na kitu upande wa kulia, hakuugusa hadi alipoujaza. Wapo wanaosema huo ni woga. Naona ni kinyume chake kabisa, kwani ni yeye pekee chumbani ambaye mikono yake haikutetemeka.

Ni kazi inayohitaji muda, na muda ndio mafundi wetu wanaonyimwa. Ombi linakwenda ofisini, mkuu anaona mstari mmoja, anwani kubadilishwa, anauliza kwa nini saa tano kwa kitu cha dakika ishirini, anakata zinabaki mbili. Zikibaki mbili, kinachoondoka kwanza ni vipimo: arping haifanywi, 8972 haipimwi, seva haiwashwi upya kuona kama anwani itabaki, na sabneti ya zamani inafutwa usiku uleule ili kazi ionekane imekwisha. Basi wewe unayesaini maombi hayo, likija mezani kwako usilipangie usiku wa kuamkia siku ya mishahara, mwombe fundi akuonyeshe ile safu ya kulia ya karatasi yake, na ukiikuta imejaa, mpe saa zote alizoomba.